Jeep Iliyokula Bugali

Kila siku ya shule, kabla jua halijagusa mabati ya mtaa wa Kadutu, Adélaïde alikuwa na kazi mbili za kufanya. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji, kazi ya kila mtoto wa mtaa. Ya pili hakuwa nayo mtoto mwingine yeyote katika Bukavu nzima, na ilikuwa siri.

Alipomaliza maji, aliingia chumba cha nyuma, akapiga magoti na kuvuta ndoo ya unga wa muhogo iliyokuwa chini ya kitanda chake. Haukuwa unga wa kula. Ulikuwa umeingia ukungu, na Maman Marie-Louise, mama yake, aliyekuwa akiuza unga sokoni, alikuwa ameutenga kwa kazi ya kuficha tu. Adélaïde alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa pete mbili za chuma. Kila moja ilikuwa pana kama kisosi cha chai, nzito, yenye meno upande wa ndani.

Usidhani zilikuwa hazina ya babu. Zilikuwa pete za jeep ya dispensari, na Adélaïde, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2001, majira ya mvua, na vita vya Kongo vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Wanajeshi walipita mitaani wakitafuta magari yanayoweza kupanda milima yenye matope. Wakiliona wanalolipenda, walilichukua, na mwenye gari alibaki na ufunguo wa akiba mkononi. Dispensari ya parokia ilikuwa na jeep moja tu, kuukuu, ambayo rangi yake nyeupe ilikuwa imebaki kwenye paa tu. Hata hivyo iliweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, na barabara za milimani hazikukubali gari la aina nyingine.

Papa Venant, baba yake Adélaïde, alikuwa dereva na fundi wa jeep hiyo, na ndiye aliyebuni ujanja wa pete. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitovu ambacho mafundi wa Bukavu hukiita moyeu. Ndani ya moyeu kuna pete inayounganisha gurudumu na nguvu ya injini. Pete ikitolewa, gurudumu la mbele huzunguka bure, na jeep husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa nje huoni tofauti yoyote. Kwa hiyo kila jioni Papa Venant alifungua bolti sita kila upande, akatoa pete, akarudisha vifuniko, na kuzibeba pete nyumbani ndani ya mfuko wa maharagwe.

Mwezi wa Februari wanajeshi watatu waliichukua jeep jioni moja yenye mvua. Walifika kwenye mwinuko ulio mbele ya lango la dispensari, magurudumu ya nyuma yakateleza, wakatukana, wakajaribu tena, wakaishia mtaroni. Mwishowe waliiacha hapo wakisema ni takataka. Kesho yake asubuhi takataka hiyo ilimpeleka mama mjamzito hospitali bila kusitasita.

“Jeep yangu iko na akili,” Papa Venant alipenda kusema. “Inajua bwana yake ni nani.”

Adélaïde alijua kwamba akili hiyo ililala chini ya kitanda chake, na jambo hilo lilimfanya atembee kifua mbele.

Kulikuwa na sharti moja. Hata pete zikifungwa kwenye mfuko, unga wa muhogo ni mwepesi na hupenya popote, na ukishafika kwenye grisi hauondoki. Kila asubuhi ilimbidi Adélaïde aoshe pete kwa mazutu, yaani dizeli, azipanguse mpaka kila jino ling'ae, kisha apake grisi mpya kidogo. Papa alikuwa amemweleza mara moja tu, siku ya kwanza.

“Unga, grisi na maji,” alisema akiinua vidole vitatu. “Ile tatu ikikutana mu moyeu, tumeisha. Umesikia, Adé?”

“Nimesikia, Papa.”

Na kweli alisikia. Kwa miezi miwili hakukosea hata asubuhi moja.

Shida ilianzia shuleni. Mazutu haitoki mikononi kwa urahisi. Unaweza kusugua kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa jani la ndimu, bado harufu inakaa kwenye kucha. Nyuma ya Adélaïde darasani aliketi mvulana aliyeitwa Ulrich, hodari wa hesabu na hodari zaidi wa kutania watu. Ijumaa moja Adélaïde alipoingia, Ulrich alisimama akaziba pua.

“Mademoiselle Mazout anaingia! Musiwashe kibiriti!”

Darasa zima likaangua kicheko. Adélaïde alicheka pia kwa sababu hakujua afanye nini kingine, lakini iliuma, iliuma sana. Siku hiyo aliandika mikono ikiwa imefichwa nusu ndani ya mikono ya sweta.

Jumatatu iliyofuata alikaa mbele ya kopo la mazutu bila kulifungua. Akachukua kitambaa kikavu, akafuta unga wa juu juu, kisha akapaka grisi nene kila mahali. Pete ziling'aa kuliko siku zote. Ukiziangalia haraka, ungesema zimetoka dukani.

“Umesafisha?” Papa aliuliza, kama kila asubuhi.

“Ndiyo, Papa, na mazutu.”

Papa alizipokea akazipachika. Hakukuwa na ngurumo wala jambo lolote. Jumanne Adélaïde alifanya vivyo hivyo, na safari hii maneno yalitoka kwa urahisi zaidi. Jumatano hakungoja hata kuulizwa. Shuleni Ulrich alinusa hewa, akasema, “Kumbe leo Mademoiselle ananukia sabuni,” na Adélaïde akafurahi.

Alhamisi ilikuwa siku ya safari. Ugonjwa wa surua ulikuwa umeingia Luhwindja, kwenye milima ya dhahabu huko Mwenga, na watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Baada ya wiki tatu za maombi, wakubwa waliokuwa na bunduki walikubali jeep ya chanjo ipite vizuizi vyao vyote vya barabarani, zile barrière. Ruhusa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi moja yenye mihuri mitano, na safari ya kwenda ilikubaliwa siku hiyo peke yake. Familia za Luhwindja zilikuwa zimearifiwa zilete watoto kanisani kesho yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi majirani walikuwa wamejaa langoni mwa dispensari. Infirmière Constance, muuguzi mkuu, alipakia mwenyewe masanduku manne ya barafu, glace kama walivyoiita, yenye chanjo ndani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na hakumruhusu mtu mwingine kuyagusa. Wanafunzi wenye sare za bluu na nyeupe walisimama kuangalia kabla ya kwenda shule, na Ulrich alikuwa miongoni mwao. Adélaïde alikuwa amekwisha kukabidhi pete, zikiwa zimepakwa grisi juu ya unga kwa asubuhi ya nne.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwinuko wa dispensari ulikuwa umegeuka uji mwekundu. Papa Venant alishuka, akageuza kifundo cha kila moyeu mpaka kwenye alama ya kufunga, akapanda tena na kuvuta wenzo mdogo wa magurudumu manne. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele yake.

“Mutuombee!” alipaza sauti, akaondoa jeep.

Ilipanda mita kumi. Kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kurusha matope, na yale ya mbele yakatulia kimya, kama wageni wasiohusika na kazi ya nyumba hiyo. Jeep ikarudi nyuma polepole mpaka langoni. Papa akajaribu tena. Wanafunzi wakaja kusukuma, Ulrich mbele yao, wakapakwa matope mpaka magotini. Jeep ikarudi tena pale pale.

Infirmière Constance akatazama saa yake.

“Papa Venant, barrière ya mwisho banaifunga saa sita. Karatasi yetu ni ya leo tu. Na ile glace itamaliza siku mbili, haiwezi kuzidi. Tukikosa leo, hizi vaccin zote zinakufa.”

“Munipatie kidogo, Maman. Niiulize kwanza.”

Alitandaza gunia chini, akakunja mikono ya shati. Kila aliyemjua alifahamu maana ya “kuiuliza”. Papa Venant hakuwa fundi wa kugonga gonga kwa nyundo akitumaini bahati. Alikuwa akisema kwamba gari haliwezi kuongea lenyewe, kwa hiyo fundi huliuliza maswali moja moja, na hapiti swali kabla halijajibiwa. Mafundi vijana walikuja kutoka mitaa mingine kumtazama tu. Adélaïde alikuwa amemtazama tangu akiwa na miaka mitano.

“Swali ya kwanza,” Papa alisema akiwa amelala chini ya jeep. “Wenzo inashika? Adé, vuta.”

Adélaïde aliingia akavuta wenzo. Chini, fimbo ya chuma ikasogea na kugonga mahali pake.

“Imejibu. Swali ya pili. Nguvu inafika mbele?”

Papa akatoka, akaketi kwenye usukani. Adélaïde alichuchumaa pembeni, mbali na matairi, aangalie kadani, ule mhimili mrefu wa chuma unaopeleka nguvu mbele. Injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakateleza, na kadani ya mbele ikazunguka vizuri.

“Inazunguka, Papa!”

“Imejibu.” Papa alizima injini, akashuka na kusimama mbele ya jeep mikono kiunoni. “Basi nguvu inafika mpaka hapa. Ugonjwa iko mu moyeu, ao iko mu pont.”

Pont ni lile donge kubwa la chuma katikati ya mhimili wa mbele, lenye gia zinazogawa nguvu kulia na kushoto. Papa Venant alitazama moyeu, kisha akamtazama binti yake.

“Adé, ile pete uliisafisha muzuri?”

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Ulrich alikuwa hatua tatu kutoka pale, akikamua matope kwenye suruali. Adélaïde alifungua mdomo, na ukatoka uongo ule ule uliokwisha kuzoea njia.

“Ndiyo, Papa.”

“Basi ni pont,” alisema Papa bila kusita. Akawageukia majirani, uso wake ukachangamka kidogo katikati ya shida ile. “Moyeu hatupotezi saa juu yake. Huyu mutoto wangu anasafisha pete kila siku ya Mungu. Iko na mukono ya fundi, munamuona?”

Watu wakamtazama Adélaïde kwa heshima. Alitamani kuzama ndani ya matope yale.

“Kufungua pont ni saa ngapi?” Infirmière Constance aliuliza.

“Saa? Ni siku mbili, Maman. Nikiifungua, joint yake ya ndani, ile ya kuzuia mafuta, itapasuka, na ingine haiko mu mji tangu vita ianze. Lakini niko na njia gani ingine?”

“Na batoto ba Luhwindja?”

Papa alisukuma beseni chini ya pont ili lipokee mafuta, akachagua ufunguo mkubwa wa bolti, akalala tena kwenye gunia. Infirmière alienda kusimama karibu na masanduku yake, kiganja chake kimoja kikiwa juu ya kifuniko.

Adélaïde alijua kwamba pont ilikuwa nzima. Alijua kama anavyojua jina lake. Unga, grisi na maji. Baba yake, fundi ambaye mafundi walikuja kumtazama, alikuwa anakaribia kuharibu kitu kizima mbele ya Kadutu nzima, na sababu ilikuwa neno moja la binti yake. Huko Luhwindja akina mama walikuwa wanafunga watoto mgongoni, tayari kwa safari ya siku nzima ya kwenda kanisani. Akamtazama Ulrich. Akazitazama kucha zake safi. Chini ya jeep, bolti ya kwanza ililia.

“Papa, wacha! Usifungue!”

Ufunguo ukasimama. Kichwa cha Papa Venant kikatokeza kando ya gurudumu.

“Kuna nini?”

“Sikusafisha, Papa. Tangu Jumatatu. Nilipaka grisi juu ya unga ili ionekane muzuri. Nimekudanganya siku zote ine, na sasa hivi tena.”

Papa aliweka ufunguo chini. Wanafunzi waliokuwa wakisukumana wakageuka kumtazama Adélaïde.

“Juu ya nini, Adé?” Papa aliuliza, akitaka kujua sababu.

“Juu ya harufu ya mazutu. Banachekaka mimi ku masomo.” Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Niliona haya.”

Ulrich aliinamisha kichwa, akaanza kuangalia viatu vyake kana kwamba hajawahi kuviona.

Papa Venant alitoka chini ya jeep polepole. Adélaïde alingoja kofi, na kwa kweli angelipokea bila kulalamika. Papa aliikaza tena bolti iliyolia, akaondoa beseni, kisha akachukua ufunguo mdogo na kumwekea mkononi.

“Kuya hapa. Fungua weye mwenyewe.”

Alifungua bolti moja, ya pili, mpaka ya sita. Mikono yake ilijua kazi. Kifuniko cha moyeu kilipotoka, nyuma yake hapakuonekana pete wala meno. Palikuwa na donge la kijivu, zito, linalonata. Unga wa siku nne ulikuwa umejikusanya humo bila Papa kuuona, kwa kuwa alitoa na kurudisha pete gizani; maji ya mvua yakapenya, joto la gurudumu likafanya kazi yake, na unga ukawa umeiva. Pete ilikuwa imekwama ndani yake, haiwezi kusogea hata kidogo.

Papa Venant alichota kwa kidole, akanusa, akamwonyesha Infirmière Constance.

“Bugali,” alisema, kama Bukavu wanavyouita ugali.

“Bugali?”

“Bugali, Maman. Tunangoja safari, na jeep yenyewe inakula bugali.”

Infirmière Constance alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kwa ile sauti ya kwaya. Mwinuko mzima ukacheka naye. Adélaïde pia alijikuta anacheka katikati ya machozi, na safari hii kicheko hakikumuuma.

“Nani ataleta mazutu?” Papa aliuliza.

“Mimi!” alisema Ulrich. Alikuwa amekwisha kuondoka mbio kabla hajaambiwa ilipo. Akarudi na beseni lenye mazutu, akimwagikiwa na nusu yake, akapiga magoti karibu na Adélaïde. Waliosha pete pamoja, jino kwa jino, kwa mswaki wa zamani wa Papa. Adélaïde akamwonyesha jinsi ya kusafisha springi ndogo zinazosukuma pete, kwa sababu unga ulikuwa umejificha hata huko.

“Inanuka kweli,” Ulrich alisema kwa sauti ya chini, akinusa mikono yake.

“Utaizoea,” Adélaïde alimjibu.

Ulrich akasugua jino moja zaidi, kisha akasema, “Nisamehe, Adélaïde.” Hakusema Mademoiselle.

Walipomaliza pande zote mbili na kupaka grisi kidogo, kama sharti lilivyosema, Papa Venant aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akarudisha wenzo nyuma, akageuza kifundo mpaka kwenye alama ya kufunga. Akamwita binti yake.

“Swali ya tatu, ile ya moyeu, bado haijajibiwa. Uliza weye.”

Adélaïde alishika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha. Chini ya jeep, kadani ikazunguka pamoja nalo.

“Imejibu, Papa!”

Wakafanya vivyo hivyo upande wa pili, na ikajibu. Saa tatu kasoro robo Papa Venant aliketi tena kwenye usukani. Taa ya kijani ikawaka kama mwanzo, lakini sasa haikuwa taa peke yake. Magurudumu ya mbele yaliuma matope, yakavuta, na jeep kuukuu ikapanda mwinuko wa dispensari bila haraka na bila kuteleza, ikiwa na masanduku yake manne. Watu walipiga makofi mpaka ikafika juu. Akina mama wakapiga vigelegele. Adélaïde hakupiga makofi, alikuwa ameshika mashavu yake kwa mikono yenye grisi.

Huko juu Papa alisimamisha jeep kidogo, akatoa kichwa dirishani. “Adé! Tutaongea nikirudi!” Kisha akaenda.

Siri ya pete sasa ilijulikana na watu zaidi ya thelathini. Lakini walikuwa watu wa Kadutu, na jeep ilikuwa yao. Hakuna hata mmoja aliyeitoa nje ya mwinuko ule.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Adélaïde alichota maji bila kuambiwa, akafagia hadi nyuma ya choo. “Tutaongea” ni neno zito likitoka kwa baba asiyepiga kelele. Maman Marie-Louise hakumgombeza. Alimwaga ule unga wenye ukungu, akaosha ndoo na kuijaza maharagwe makavu.

“Maharagi haishike grisi,” alisema. “Sijui juu ya nini hatukuwaza ile tangu mwanzo. Tulikuwa batu bakubwa babili mu hii nyumba.”

Jumapili, misa ya pili ilipokuwa inatoka, jeep ilionekana ikiteremka, matope yakiwa yamefika kwenye vioo. Infirmière Constance alishuka kwanza, macho mekundu kwa uchovu, akainua masanduku mawili matupu juu ya kichwa.

“Cinq cent trente na moja!” aliwatangazia watu, yaani mia tano thelathini na moja. “Batoto cinq cent trente na moja banapata vaccin! Hakuna hata chupa moja ilikufa. Na ku mulima ya mwisho tulikuta lori imekwama, jeep yetu ikaivuta!”

Papa Venant alishuka, akanyoosha mgongo. Alikunywa maji, akawasalimu wazee, akamwuliza kila mtu habari za nyumbani. Kisha akaketi kwenye ngazi ya dispensari na kumwita binti yake akae karibu naye.

“Adé, umeona vile nafanya kazi. Jeep naiuliza maswali yote. Lakini ile swali ya moyeu sikuuliza jeep. Nilikuuliza weye, na nikaamini jibu yako kuliko macho yangu. Ungenyamaza, ningevunja pont muzima na hii mikono yangu. Fundi ukimudanganya, anaharibu kitu kizima, na kile kigonjwa kinabaki pale pale. Docteur ni vile vile. Mwalimu ni vile vile. Bote banafanya kazi na jibu yenye unabapatia.”

“Nisamehe, Papa.”

“Nilikusamehe pale pale ku mulima.” Papa alitazama jeep. “Sikiliza tena. Kusema ukweli mbele ya batu bote, na ule mwenye anakucheka anasimama pale, bakubwa bengi habaiwezi. Harufu ya mazutu ni harufu ya kazi, inatoka na sabuni. Harufu ya uongo ingetoka na nini? Niliendesha mpaka Luhwindja nikiwaambia ku kila barrière: gari hii inapita sababu ya mutoto wangu mwanamuke. Nilikuwa na furaha na weye kabisa.”

Adélaïde alilaza kichwa kwenye bega la baba yake, lililokuwa linanuka matope, jasho na mazutu.

Jioni hiyo Papa Venant alifungua mioyeu yote miwili, akatoa pete na kuzileta nyumbani. Maman Marie-Louise alikuwa amesimama mlangoni. Adélaïde alidhani pete zingekabidhiwa mama, akarudi nyuma hatua moja ili ampishe. Papa akampita mama, akaziweka pete mikononi mwa binti yake, kama jioni zote. Adélaïde akazizika ndani ya maharagwe.

Kesho yake asubuhi alifungua kopo la mazutu kwa mikono miwili. Aliosha, akapangusa jino kwa jino, akapaka grisi kidogo, akazipeleka langoni mwa dispensari.

“Umesafisha?”

“Ndiyo, Papa. Angalia mwenyewe.”

Papa Venant alichukua pete. Alikuwa anamtazama yeye, si pete.

“Nimeuliza, umejibu,” alisema, akazipachika.

Adélaïde akachukua mkoba wake na kushuka njia ya shule, kifua mbele, mikono nje ya sweta, ikinuka mazutu.